MAJINA YETU NA MASHINE ZA WENGINE

Mwananchi yeyote aliyepata kufika katika ofisi ya umma kutafuta kumbukumbu ya zamani anaujua uzito wa jibu fupi lisemalo: "Jina hilo halimo." Zamani jibu hilo lilitolewa na karani baada ya kupekua kurasa za daftari, naye mwananchi aliweza kumsihi apekue tena. Siku hizi hutolewa baada ya kubonyeza kitufe kimoja, na mwananchi huinuka akaenda zake bila kubisha, kwa sababu ameambiwa kwamba kompyuta haisahau wala haisemi uongo.

Katika makala hii tunakusudia kueleza jinsi kompyuta inavyoweza kusema kwamba jina halimo ilhali limo. Kwa nini hali hiyo huyapata majina yetu zaidi kuliko majina ya wale walioitengeneza. Na jinsi dawa yake ilivyo mikononi mwetu wenyewe, kwa sharti kwamba tukubali kujifunza ufundi ambao wengi wetu tumezoea kuwaachia wengine. Ufundi huo ni wa kuijengea hifadhidata viendelezi. Maana yake ni kuchukua maandishi ya programu huria, ambayo kila mtu ameruhusiwa kuyasoma na kuyabadili, kuyafasiri yawe lugha ya mashine kwa kutumia kompyuta ya kawaida iliyo juu ya meza ya ofisi, kisha kuyaunganisha na hifadhidata ili ipate kufanya kazi ambayo hapo kwanza haikuijua.

MAMA NA NAMBA YA MUMEWE

Ofisi yetu ya uhusiano hutunza picha na orodha za askari wa miaka iliyopita. Orodha hizo ziliandikwa kwa mkono na makarani wengi, kila mmoja na mwandiko wake na lugha yake ya nyumbani, na sasa tunazinakili katika hifadhidata ili ziweze kutafutwa kwa urahisi. Asubuhi moja alifika mama mzee, mjane wa askari, kutoka magharibi ya Uganda. Mkononi alikuwa na kitambulisho chake na picha moja iliyofifia. Hakuijua namba ya jeshi ya marehemu mumewe, na bila ya namba hiyo faili la mafao halikuweza kufunguliwa.

"Pole na safari, mama," tulimwambia. "Keti kwanza. Mzee alikuwa akiitwa nani?"

"Andika Byaruhanga, mwanangu," alijibu. Hilo silo jina lake halisi; tunalitumia hapa kwa mfano, kwa kulinda heshima ya familia. Ni jina la watu wengi wa huko, na ndani yake limo neno Ruhanga, yaani Mungu.

Tuliliandika jina kama lilivyotamkwa. Halimo. Tukaiamuru kompyuta itafute majina yenye sauti ya kufanana nalo. Halimo. Mama alituangalia, akaiangalia picha yake, kisha akauliza swali ambalo hatukuweza kulijibu: "Kama hayumo humo, mwanangu, basi huyu aliyevaa sare ni nani?"

Tulimwomba atupe muda wa juma moja. Alikubali, akaenda kukaa kwa jamaa zake mjini.

JINSI MASHINE INAVYOSIKIA MAJINA

Hifadhidata tunayoitumia inaitwa PostgreSQL. Pamoja nayo huja kiendelezi chenye njia kadhaa za kutafuta majina yanayokaribiana. Njia mojawapo ni Soundex, ambayo hataza yake ilitolewa nchini Marekani mwaka 1918 kwa jina la Robert C. Russell. Soundex huishika herufi ya kwanza ya jina kama ilivyo, huzitupa irabu pamoja na herufi h, w na y, na konsonanti zilizosalia huzigeuza kuwa tarakimu kwa makundi. Herufi b, f, p na v hupewa 1. C, g, j, k, q, s, x na z hupewa 2. D na t hupewa 3. L hupewa 4. M na n hupewa 5. Na r hupewa 6. Jumla ikifika herufi moja na tarakimu tatu, kazi imekwisha.

Kwa majina ya Kiingereza, mpango huo una busara yake. Smith na Smyth yote mawili huwa S530, na karani huyapata kwa pamoja. Lakini sasa tuyapime majina yetu. Byaruhanga huwa B652. Karani aliyezoea maandishi ya Kiganda, ambamo herufi r huandikwa baada ya irabu e na i tu na kwingineko huandikwa l, ataliandika jina hilo hilo Byaluhanga, nalo litakuwa B452. Hivyo mtu mmoja amegeuka kuwa watu wawili wasiojuana. Kwa upande mwingine, Mugisha huwa M220, na Mukasa pia huwa M220. Hapa watu wawili wasio na uhusiano wowote wamefanywa kuwa mmoja.

Msomaji ataona kwamba kosa si la kompyuta wala si la Bwana Russell. Yeye alitunga kanuni kwa ajili ya majina aliyoyasikia mtaani kwake. Majina ya Kibantu yamejaa irabu, na irabu hizo ndizo zinazotenganisha maana. Kwa hiyo kanuni inayozitupa irabu inatupa nusu ya jina. Tena katika lugha zetu nyingi sauti za l na r ni ndugu wa tumbo moja, ilhali katika Kiingereza ni wageni kabisa. Kosa ni letu sisi tulioivaa nguo ya kuazima bila kuipima, kisha tukashangaa kwamba haitukai.

Katika kiendelezi hicho hicho imo njia nyingine, ya mwanasayansi wa Urusi Vladimir Levenshtein, aliyeieleza mwaka 1965. Hiyo huhesabu ni herufi ngapi zinapaswa kubadilishwa, kuongezwa au kuondolewa ili jina moja liwe jingine. Ni njia nzuri, lakini kwetu kubadilika kwa irabu moja kunaweza kuwa ni mtu mwingine kabisa, na kubadilika kwa l kuwa r kusiwe na maana yoyote. Njia isiyojua tofauti hiyo haiwezi kutuamulia.

HIFADHIDATA ILIYOACHA MLANGO WAZI

Kwa bahati njema, hifadhidata hii ilijengwa tangu mwanzo ikiwa na mlango wa kuingilia mafundi wa nje. Ilizaliwa mwaka 1986 katika Chuo Kikuu cha California huko Berkeley, kwa jina la POSTGRES, chini ya uongozi wa Profesa Michael Stonebraker, ambaye baadaye alitunukiwa Tuzo ya Turing ya mwaka 2014. Moja ya shabaha zake ilikuwa kwamba mtumiaji aweze kuongeza aina mpya za taarifa na kanuni mpya za kuzishughulikia, bila ya kumsubiri mtengenezaji. Mwaka 1994 wanafunzi wawili wa chuo hicho, Andrew Yu na Jolly Chen, waliiongezea uwezo wa kupokea amri za lugha ya SQL, na mwaka 1996 ikapata jina lake la sasa. Mwaka 2005 toleo la 8.0 liliiwezesha kufanya kazi moja kwa moja katika Windows, mfumo uliomo katika kompyuta nyingi za mezani. Mwaka 2011 toleo la 9.1 lilileta amri ya CREATE EXTENSION, ambayo kwayo kiendelezi kizima husimikwa kwa mstari mmoja wa maandishi.

Maandishi yote ya programu hii yako wazi, yakiwemo yale ya Soundex. Tuliyafungua tukayasoma. Kumbe kanuni nzima ni kurasa chache tu za lugha ya C, na ndani yake umo mstari mmoja wa tarakimu 26, kila tarakimu ikisimama badala ya herufi moja ya alfabeti. Tarakimu ya 12 ni 4, nayo ni ya l. Tarakimu ya 18 ni 6, nayo ni ya r. Tarakimu hizo mbili, zilizokaa kimya katika mstari mmoja, ndizo zilizokuwa zikimjibu mjane yule kwamba mumewe hayumo.

Hatukuridhika kubadili tarakimu moja tu, kwa kuwa irabu bado zingetupwa. Tuliamua kuandika kanuni yetu ndogo, ambayo huzigeuza herufi zote kuwa ndogo, huichukua l na r kuwa herufi moja, na irabu huziacha mahali pake. Kanuni kama hiyo ingeweza kuandikwa kwa lugha ya SQL pasipo kukompaili chochote, na kwa orodha fupi hiyo ndiyo njia ya busara. Lakini tulijua kwamba kanuni zetu zingeongezeka kadiri tutakavyozifahamu tabia za makarani wa zamani, na orodha zetu ni ndefu. Aidha, tusifiche, tulitaka kuujua ufundi wenyewe.

KARAKANA JUU YA MEZA

Kuruta akipewa bunduki hafundishwi kulenga kwanza. Hufundishwa kuifungua, kukitaja kila kipande kwa jina lake, kuisafisha na kuifunga tena. Mwenye kujua kulenga tu siku bunduki ikikwama amebaki na fimbo. Kwa moyo huo tuliamua kukijenga kiendelezi chetu katika kompyuta ya mezani yenye Windows, na tunaeleza hatua zake hapa ili wengine wasije wakajikwaa tulipojikwaa sisi.

Kiendelezi cha PostgreSQL kina mafaili matatu makuu. La kwanza ni faili la udhibiti, linalotaja jina la kiendelezi na toleo lake. La pili ni faili la amri za SQL, linaloitambulisha kanuni mpya kwa hifadhidata. La tatu ni maandishi ya lugha ya C, na hilo ndilo linalopaswa kukompailiwa ili litoke faili lenye mkia wa dll. Faili la dll huwekwa katika folda ya lib, na yale mawili mengine katika folda ya share, ndani ya kijisehemu kiitwacho extension.

Katika mfumo wa Linux, kama vile Ubuntu, ambao jina lake limetoka katika lugha za Kusini mwa Afrika na maana yake ni utu, kazi hii ni nyepesi, kwa sababu vifaa vyote hupatikana pamoja na amri mbili za make humaliza shughuli. Katika Windows mambo ni tofauti. PostgreSQL ya Windows inayosimikwa na watu wengi imejengwa kwa kompaila ya Microsoft, wala si kwa vifaa vya Linux. Kwa hiyo fundi hana budi kuwa na kompaila hiyo, iliyomo katika Visual Studio, na kutumia chombo kiitwacho nmake. Tena yampasa kuionyesha kompaila mahali yalipo mafaili ya utangulizi ya PostgreSQL, na kumwonyesha kiunganishi mahali lilipo faili la postgres.lib.

Kosa letu la kwanza lilikuwa la mlango. Visual Studio ina madirisha kadhaa ya amri yanayofanana kwa sura. Lingine hujenga programu za biti 32, lingine za biti 64. Tuliingia dirisha la biti 32 ilhali hifadhidata yetu ni ya biti 64. Kompaila ilifanya kazi yake, lakini kiunganishi kikakataa, kikatoa orodha ndefu ya majina kisiyoyatambua. Tulipoteza mchana mzima tukitafuta kosa katika maandishi yetu, na maandishi hayakuwa na kosa lolote.

Kosa la pili lilikuwa la matoleo. Meza tuliyojengea ilikuwa na mafaili ya utangulizi ya toleo la 16, na seva ilikuwa ya toleo la 17. Tangu toleo la 8.2 la mwaka 2006, kila faili la dll la PostgreSQL hubeba alama ya toleo kubwa lililojengewa, na seva huikagua alama hiyo kabla ya kulipokea faili, kama mlinzi wa lango anavyouliza neno la siri. Yetu ilikataliwa langoni. Hapo hatukunung'unika, bali tulishukuru, maana faili la toleo jingine lingeingia ndani lingeweza kusoma kumbukumbu mahali pasipo pake.

Kosa la tatu lilikuwa la pupa. Tulipotaka kuweka faili lililosahihishwa juu ya lile la zamani, Windows ilikataa kwa sababu seva ilikuwa bado imelishika. Inatakiwa kuisimamisha seva kwanza, kunakili faili kwa ruhusa ya msimamizi wa kompyuta, kisha kuiwasha upya. Kuvunjika kwa koleo, walisema wahenga, si mwisho wa uhunzi. Siku ya tatu dirisha lilikubali amri ya CREATE EXTENSION pasipo neno la lawama.

Yafaa tuongeze onyo moja. Kiendelezi cha lugha ya C huishi ndani ya seva yenyewe. Kikikosea katika kuitumia kumbukumbu, hakianguki peke yake: seva hukata kazi za watumiaji wote waliomo na kujiwasha upya. Kwa ajili hiyo majaribio yote tuliyafanya katika kompyuta ya pembeni yenye nakala ya orodha, na wala si katika ile inayohudumia wananchi.

KIAPO TULICHOKIVUNJA

Sasa tunafika mahali penye aibu yetu, na tunapaeleza bila kuficha kwa kuwa ndipo penye somo kubwa kuliko yote.

Ili majina yapatikane upesi, tulitengeneza faharasa, yaani orodha ya pembeni ambamo kila jina limekwisha kugeuzwa kwa kanuni yetu na kupangwa tayari. PostgreSQL haikubali faharasa ya namna hiyo mpaka kanuni iwe imetangazwa kwamba haibadiliki: kwamba jina lile lile litatoa jibu lile lile leo, kesho na mtondogoo. Tangazo hilo ni mfano wa kiapo. Hifadhidata haina njia ya kukichunguza. Hukiamini tu, kama askari anavyoaminiwa anapoapa.

Kwa toleo letu la kwanza, jina la mzee bado halikuonekana. Tukafikiri tena. Makarani wa zamani waliandika i mahali ambapo leo tunaandika y, na u mahali ambapo leo tunaandika w. Ndiyo sababu katika vitabu vya kikoloni tunaikuta Ruanda badala ya Rwanda. Tukaongeza kanuni ya pili: i iliyo kabla ya irabu nyingine ichukuliwe kuwa y, na u vivyo hivyo iwe w. Tukakompaili upya, tukasimamisha seva, tukaweka faili jipya, tukatafuta. Halimo.

Tulikaa kimya. Juma lilikuwa likielekea ukingoni, na tulikwisha anza kutunga moyoni maneno ya kumwambia mama yule: kwamba tumejitahidi, kwamba tumejenga hata kanuni mpya kwa ajili yake, lakini mzee hayumo. Ni koplo mmoja kijana, aliyekuwa akitusaidia kunakili madaftari, ambaye hakukubali. Aliiamuru hifadhidata iache kuitumia faharasa, iyapitie majina yote moja baada ya jingine tangu mwanzo hadi mwisho. Baada ya kitambo aliinuka.

"Afande, yumo," alisema. "Kanuni inamwona. Faharasa ndiyo isiyomwona."

Jina lilikuwa limeandikwa Bialuhanga. Kanuni mpya iliyageuza yote mawili, la mama na la karani, kuwa jina moja. Lakini faharasa ilikuwa imetengenezwa siku tatu nyuma kwa kanuni ya kwanza, ambayo iliiacha i mahali pake. Sisi tulibadili kanuni, wala hatukuiambia faharasa. Tulikuwa tumeapa kwamba kanuni haibadiliki, kisha tukaibadilisha kwa mkono wetu. Hifadhidata haikusema uongo. Ilikuwa ikirudia uongo wetu kwa uaminifu mkubwa. Dawa yake ni amri moja, REINDEX, inayoitengeneza faharasa upya. Ilichukua muda mfupi kuliko muda tuliotumia kutunga maneno ya kuomba radhi.

Kabla ya kumwita mama, tulilinganisha jina la baba, mwaka wa kuandikishwa na wilaya aliyotoka, pamoja na picha aliyotuachia nakala yake. Hatua hiyo haipaswi kurukwa hata kidogo. Kiendelezi kinaleta majina yanayofanana. Hakiamui nani ni nani. Kufanana kwa majina si ushahidi, na ofisi itakayoiachia mashine uamuzi huo itampa mtu mafao ya mwenzake.

Siku mama aliporudi tulimpa namba. Hakushangaa kama tulivyotarajia. Aliikunja karatasi, akaiweka pamoja na picha, akasema, "Mimi nilijua yumo."

SUMU KATIKA MTUNGI

Wapo watakaosema: kama maandishi ya programu yako wazi kwa kila mtu, je, adui naye hawezi kuyatia sumu? Swali hilo ni la haki, na jibu lake ni kwamba anaweza, na amekwisha kujaribu.

Tarehe 29 Machi, 2024, Andres Freund, mhandisi wa kampuni ya Microsoft na mmoja wa wajenzi wa PostgreSQL, aliutangazia ulimwengu kwamba matoleo ya 5.6.0 na 5.6.1 ya programu huria ya XZ Utils, inayotumiwa kubana mafaili katika Linux, yametiwa mlango wa siri. Hakuwa akiwinda majasusi. Alikuwa akipima kasi ya PostgreSQL, akaona kwamba kuingia katika kompyuta kutoka mbali kunachelewa kwa takriban nusu ya sekunde kuliko kawaida. Wengi wetu tungelaumu mtandao, tukaendelea na kazi. Yeye alifuatilia nusu sekunde hiyo mpaka shinani. Sumu ilikuwa imetiwa na mtu aliyejiita Jia Tan, ambaye alikuwa ameshiriki katika kazi ile kwa zaidi ya miaka miwili mpaka akaaminiwa na kukabidhiwa funguo.

Jambo la kuzingatiwa na kila anayekompaili ni hili: sehemu ya mlango ule ilifichwa katika mafaili yaliyosemekana kuwa ya majaribio, na maelekezo ya kuiamsha yalikuwa katika vifurushi vilivyotayarishwa kwa ajili ya kupakuliwa, wala hayakuwamo katika hazina ya wazi ambayo wakaguzi huisoma. Aliyechukua kifurushi na kukijenga kwa nia njema aliijenga na sumu pamoja. Kukompaili mwenyewe, basi, si hirizi. Aliyejenga bila kusoma hana tofauti na aliyepokea kilichojengwa na mwingine.

Lakini tutazame pia upande wa pili. Mlango ule uligunduliwa kabla haujaenea katika matoleo imara ya mifumo mikubwa ya Linux, na uligunduliwa kwa sababu maandishi yalikuwa wazi na mtu mmoja mwenye ujuzi aliweza kuyafuata. Uwazi pekee haukutosha. Ilihitajika pia jicho linaloweza kusoma. Nchi isiyokuwa na macho ya namna hiyo itaendelea kulindwa na macho ya wengine, na siku yatakapolala, nayo italala.

LINALOTUPASA

Kutokana na hayo, tunapendekeza mambo machache kwa wenzetu wa ofisi za kumbukumbu, hospitali, mashule na mahakama, ambako majina ya wananchi huandikwa kila siku.

Kwanza, tuzipime programu zetu kwa majina yetu kabla ya kuziamini. Kipimo hakihitaji fedha: andika majina 20 ya wilaya yako kwa namna zote ambazo makarani wameyaandika, kisha tazama ni mangapi yanapatikana. Pili, kila ofisi kubwa iwe na angalau vijana wawili wanaoweza kufungua maandishi ya kiendelezi, kuyasoma na kuyakompaili. Tunasema wawili, kwa sababu mmoja akihamishwa asiondoke na ujuzi wote. Tatu, kila kilichojengwa kiandikiwe kumbukumbu: toleo la hifadhidata, toleo la kompaila, mahali maandishi yalipotoka, tarehe, na sababu ya kila badiliko. PostgreSQL hutoa toleo kubwa jipya karibu kila mwaka na kulitunza kwa miaka 5. Kwa hiyo kiendelezi kilichojengwa leo kitahitaji kujengwa tena, pengine na mtu ambaye hatujaonana naye bado. Nne, kanuni ikibadilishwa, faharasa itengenezwe upya siku hiyo hiyo, wala isisubiri kesho.

Kiendelezi chetu ni kidogo. Mhandisi mzoefu angekimaliza kwa saa moja na pengine angetucheka kwa siku tulizotumia. Hata hivyo sasa tunajua kilichomo ndani yake, herufi kwa herufi, na akija mwananchi mwingine na jina lililoandikwa kwa namna ambayo hatujaiona, tunajua mahali pa kufungua na kuongeza. Kabla ya hapo tulikuwa walinzi wa ghala ambalo funguo zake hatukuwa nazo.

Basi tuzishike funguo hizo. Na mpaka siku hiyo itakapofika katika kila ofisi, tunamwomba karani mwenzetu, popote alipo, kwamba kompyuta ikimwambia jina halimo, asikimbilie kumwinua mwananchi kitini. Aulize kwanza: limetafutwa kwa kanuni ya nani?